Nani mwenye wajibu wa kutamka "tumezidiwa"? Uzi wa maafa na Serikali Kuu

Mtendaji Mstaafu

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kila yakitokea maafa nchi hii mjadala ni uleule. Kundi moja linauliza serikali iko wapi, kundi lingine linajibu kwamba wananchi ni wakaidi, nani kawatuma kujenga bondeni. Baada ya siku kumi rambirambi zimeisha, magodoro yamegawiwa mbele ya kamera, tumerudi kwenye Simba na Yanga. Mimi nina swali dogo tu, na sijawahi kuona likiulizwa humu. Ni nani, kwa cheo chake, anayetakiwa kunyanyua simu na kusema ngazi yangu imeshindwa, ya juu ichukue? Na akilisema hilo, anaonekana mchapakazi au anaonekana amefeli?

Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022. Ilifuta ya 2015, nayo ya 2015 ilikuwa imefuta ya 1990. Ile ya 1990 iliitwa sheria ya uratibu wa misaada ya maafa. Misaada! Yaani fikra nzima ilianzia siku ya pili, watu wameshazikwa, sasa tugawane blanketi. Ya 2015 ikaja na habari za wakala, ya 2022 ikairudisha kazi kwa idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ikaweka kituo cha operesheni na mawasiliano ya dharura, na kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata hadi kijiji na mtaa. Ukiisoma huku umekunywa chai unaona nchi imejipanga.

Kisheria si kila baya ni maafa. Mafuriko ni janga, ukame ni janga, tetemeko ni janga. Yanakuwa maafa pale jamii iliyopatwa inaposhindwa kuyamudu kwa nyenzo zake yenyewe. Upepo ukiezua nyumba sita, wanakijiji wakachanga, wakaezeka upya kwa wiki moja, hapo serikali kuu haina la kufanya zaidi ya kutoa pole. Kwa hiyo wajibu wa serikali kuu unaanzia pale uwezo wa walio chini unapokoma. Sawa kabisa. Lakini uwezo haukomi kwa kengele. Lazima mtu aseme.

Nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka kumi na moja, kata yenye mto upande mmoja na reli upande wa pili. Sitaitaja wala wilaya yake, wengi bado wako kazini na wengine tumeoleana. Masika moja mto ulivunja kingo saa nane usiku. Angalizo la mvua kubwa nilikuwa nalo kwenye simu tangu jana yake mchana, limetumwa kwenye kundi la watendaji likiwa limefuatiwa na picha ya harusi na tangazo la kikao. Nililisoma. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, akasema "tumesikia mkuu", tukalala.

Nilichokuwa nacho usiku ule: tochi ya simu, mgambo wawili, na kipaza sauti cha betri tulichokuwa tunatangazia chanjo. Boti hakuna. Kamba hakuna. Kamati ya maafa ya kata ilikuwepo, ndiyo, na muhtasari wake wa mwisho ulikuwa wa miaka miwili nyuma. Niliuandika mimi peke yangu ofisini ili mkaguzi akija aukute kwenye jalada. Naungama.

Waliookoa watu ni wavuvi wa kambale wenye mitumbwi miwili. Bibi mmoja alikaa juu ya kabati tangu saa tisa mpaka kumi na mbili na nusu asubuhi, amembeba mjukuu na kuku mmoja, maji yanamfika magotini. Walipomtoa aliuliza kama kuku naye anaruhusiwa kupanda.

Saa kumi alfajiri nilipiga wilayani. Jibu: "Endelea kusimamia, tunalifuatilia kwa karibu." Saa mbili nikapiga tena, jibu lilelile. Siku ya tatu ndipo timu ya tathmini ilifika na fomu. Tathmini ikaenda wilayani, ikarudi kwa sababu idadi ya kaya haikulingana na rejista ya wakazi, ikaenda tena, ikapanda mkoani. Unga na maharage vilifika siku ya ishirini na tatu, watu wameshahama, wengine wameshaanza kupanda upya. Kaya kwenye orodha zilikuwa zimeongezeka karibu nusu, maana habari ya unga inasafiri kuliko maji.

Bosi wa wilaya hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Akiandika kwenda juu kwamba wilaya imezidiwa, swali la kwanza litakalorudi ni "ulijiandaaje?" Na jibu lake lilikuwa kama muhtasari wangu.

Karibuni.

---

Kasia la Kagera

Mkuu umegusa donda. Mimi ni mtu wa Bukoba, nikupe upande wa ziwani.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ikitokea Dar inaingia ziwani jirani kabisa na kiwanja. Watu 43 ndani, wamekufa 19, wamepona 24. Waliofika kwanza ni wavuvi. Kijana mmoja alifungua mlango kwa kasia. Kwa KASIA. Baadaye Rais akaelekeza apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ni heshima aliyostahili. Lakini tukae tulitafakari: serikali kuu imemwajiri muokoaji baada ya uokoaji.

Niliona kwa macho watu wanavuta ndege kwa kamba, mamia, kwa ule wimbo wa kuvutia mtumbwi. Jirani yangu mmoja alivua shati akaingia majini hajui hata kuogelea vizuri, akawa anapokea kamba tu kifuani. Jioni alikuja kuniomba shati.

Kiwanja ni cha serikali kuu. Utabiri ni wa serikali kuu. Polisi wanamaji ni serikali kuu. Hapa huwezi kusema tusubiri kijiji kizidiwe kwanza ndipo taifa liingie. Kuna majanga ambayo kwa asili yake ni ya taifa tangu dakika ya kwanza: ndege, meli, reli, ugonjwa wa kuambukiza, bwawa. Hoja yako ya ngazi inafaa mafuriko ya kata, haifai haya.

---

Bondeni Si Kwetu

Mnalaumu serikali kwa kila kitu. Desemba 2011 Dar ilifurika, watu karibu 40 wakafa, serikali ikawatoa Jangwani na bonde lote la Msimbazi ikawapa viwanja Mabwepande. Bure. Wakarudi! Wengine waliuza viwanja ndani ya miezi. Mtu anajenga kwenye njia ya maji halafu anasubiri helikopta. Kujikinga ni wajibu wa mwananchi kabla ya kuwa wajibu wa Waziri Mkuu.

---

Mzee wa Msimbazi

@Bondeni Si Kwetu mimi ni mmoja wa hao unaowasema, shikamoo haikuhusu ila nisikilize.

Kiwanja Mabwepande nilipewa, sikatai, na hema juu. Biashara yangu ilikuwa kukaanga samaki na kuwapelekea mama lishe wa Kariakoo kabla ya saa nne. Kutoka Jangwani nilikuwa natembea na beseni kichwani. Kutoka Mabwepande ni daladala mbili, nauli kwenda na kurudi inakula faida, samaki wanafika wamepoa. Mwezi wa tatu nikarudi kupanga chumba bondeni. Sikuwa mkaidi, nilipiga hesabu.

Na mwanangu, kama bonde ni njia ya maji, nani alijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani? Mimi? Mvua zikija mabasi yanaogelea, tumeyaona yamezama mpaka kwenye madirisha. Sisi tumebandikiwa alama ya X nyekundu ukutani, wao wamekata utepe. Ukiniambia serikali ina wajibu wa kupanga matumizi ya ardhi nitakupigia makofi, lakini ianze na majengo yake.

Siku hizi kuna mradi mkubwa wa bonde lile kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia, daraja la Jangwani linajengwa. Huo ndio wajibu wenyewe. Umekuja miaka kumi na zaidi baada ya mahema.

---

Bondeni Si Kwetu

Shikamoo mzee. La karakana sina jibu.

---

Njano Machungwa

Naomba nizungumzie lile angalizo lililofuatiwa na picha ya harusi, maana ndiko kazi yangu inakokaribiana.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa viwango vitatu. Angalizo ni njano, Tahadhari ni rangi ya machungwa, Tahadhari Kubwa ni nyekundu. Chini yake panaandikwa uwezekano wa kutokea, kiwango cha athari, na athari zenyewe, mfano "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji". Kisha "tafadhali zingatia na ujiandae".

Sasa nendeni kwa mama anayeuza ndizi mkamuulize angalizo na tahadhari lipi kali. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni maneno ndugu. Nimewahi kuuliza darasa zima la watendaji, nusu walipindua. Mtendaji Mstaafu, wewe usiku ule ulijua njano inakutaka ufanye nini? Si kwamba hukujali. Taarifa ilikuambia hali ya hewa itafanya nini, haikukuambia WEWE ufanye nini saa ngapi. Hiyo nafasi katikati ya utabiri na kitendo si ya Mamlaka peke yake. Ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu na mkoa: njano ikitoka, mitumbwi ya kata isogezwe wapi, nyekundu ikitoka, shule ipi ifunguliwe usiku na ufunguo uko kwa nani. Ufunguo, jamani. Nimeona watu wananyeshewa nje ya darasa lililofungwa kwa sababu mwalimu mkuu kasafiri.

Lakini tuwe waungwana, pale inapofanyika vizuri tuseme. Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Kilifuatiliwa tangu kikiwa mbali baharini, taarifa zikawa zinatoka mara kwa mara, boti za kwenda Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakakaa nchi kavu. Tarehe 4 kikaingia karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Mvua yake ilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zikakaa bila njia ya kwenda Dar, mafuta na nauli mnajua vilipanda. Hasara ilikuwepo. Ila fikiria kingekuta boti zimejaa katikati ya mkondo. Watu wa Lindi wazee wanakumbuka cha 1952.

---

Dada wa Katesh

Nimesita kuandika, lakini hiyo ya "nani aseme tumezidiwa" nimeiona kwa upande mwingine.

Desemba 3, 2023, Jumapili alfajiri, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Hatukusikia mvua tu, tulisikia kama malori mengi yanashuka bila breki. Ni tope, mawe na magogo kwa pamoja yakifuata mkondo mpaka mjini Katesh, na Gendabi, na Jorodom. Wamekufa watu 89. Duka la shemeji yangu lilikuwa na milango ya chuma ya kukunja. Tulipolifukua siku ya nne, mlango ulikuwa umekunjwa kama bahasha na ndani tope limejaa hadi kwenye shelfu ya juu, sabuni bado zimepangwa.

Kwetu hakuna aliyelazimika kuandika barua ya kuzidiwa. Mpaka mchana picha zilikuwa zimeenea. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari. Jeshi lilifika, mitambo ikafungua barabara, majeruhi walitibiwa bila kudaiwa, serikali ikagharamia mazishi. Wataalamu wa miamba wakaja wakaeleza kwamba si volkano, ni mwamba laini uliokunywa maji mpaka ukashindwa. Na baadaye pale Waret zimejengwa nyumba 109 kwa waliopoteza makazi. Hiyo ilifanyika, nitakuwa mnafiki nikiificha.

Kwa hiyo Mtendaji, mimi nadhani kuna njia mbili za kupandisha maafa mpaka juu. Moja ni fomu, nyingine ni kamera. Yako yalipita njia ya fomu.

Ambacho hakikufanyika kwetu ni cha nyuma yake. Ule mlima upo siku zote, mji uko chini yake siku zote. Hakuna aliyewahi kutuambia mkondo ule ukianza kuleta maji ya rangi ile tukimbilie upande gani. Tuliokimbilia upande wa kanisa tulipona, na tulikimbilia huko kwa sababu tulikuwa tumeshavaa za kwendea ibada.

---

Mkaunti

Salamu kutoka Nakuru. Nimesoma huu uzi wote nikiwa kwa foleni ya benki.

Huku kwetu swali la Mtendaji limeandikwa kwenye Katiba halafu likaachwa hapo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa jukumu la kukabiliana na majanga, na linaipa kaunti jukumu hilohilo pamoja na zimamoto. Wote wawili. Ukifurika, gavana anasema hili ni la Nairobi, Nairobi inasema hilo limegatuliwa. Kuna kituo cha operesheni kilichoanzishwa baada ya El Niño ya 1997 na 98, kuna kitengo kingine chini ya polisi, kuna mamlaka ya ukame ambayo ukweli usemwe inafanya kazi, kwa sababu ukame unakuja polepole na ina maofisa mashinani mwaka mzima wanaohesabu maji na bei ya mbuzi. Mswada wa kuunganisha haya yote umekuwa ukiingia na kutoka Bunge miaka nenda miaka rudi.

Mai Mahiu, Aprili 29, 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, njia ya chini ikaziba, ikapasuka usiku watu wamelala. Miaka sita kabla, Solai, bwawa la mtu binafsi lilipasuka watu 48 wakafa. Mabwawa haya yote mnadhani kuna mtu alikuwa na orodha yake kamili? Baada ya watu kufa ndipo tunaanza kuhesabu mabwawa. Kwangu mimi wajibu wa kwanza wa serikali ya kitaifa si helikopta. Ni hiyo orodha.

Nyinyi mna bahati ya kuwa na ofisi moja ya kulaumu.

---

Mkwezi wa Micheweni

Assalaam aleikum. Ofisi moja ya kulaumu? Basi kumbuka na sisi tulo visiwani. Maafa si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake, Namba 1 ya 2015, na Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Lakini bahari haijui mpaka.

Mimi nilipoteza watu kwenye Spice Islander, Septemba 10, 2011. Imetoka Unguja usiku kuja kwetu Pemba, imejaa mara kadhaa ya uwezo wake, ikazama mkondo wa Nungwi. Tulikuwa tunasubiri bandarini Wete na makanda ya kupokelea mizigo ya skukuu iliyopita. Wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini, kina na mkondo vikawashinda, watu wetu wamebaki humo humo. Mwaka wa pili yake ikazama Skagit karibu na Chumbe, hiyo imetokea Dar. Sasa nambieni: meli imesajiliwa huku, imejaziwa kule, imezama katikati. Nani kwa cheo chake anyanyue simu? Waliookoa ni wavuvi wa Nungwi na KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, na watalii wa kupiga mbizi wenye boti za hoteli.

Na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, je? MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kivuko cha watu mia moja na kidogo, wamekufa 228, mita chache kutoka gatini. Watu wanaona kutoka ufukweni. Usiku ulipoingia uokoaji ukasimamishwa mpaka asubuhi. Siku mbili baada ya kuzama akatolewa fundi mitambo hai, alikuwa kwenye chumba chenye hewa. Hilo mimi haliniachi. Kama kulikuwa na mmoja hai mpaka siku hiyo, ule usiku tuliosimama walikuwa wangapi?

Sitaki jibu, ndugu zangu. Nauliza tu.

---

Kasia la Kagera

Mkwezi, pole sana ndugu yangu. MV Bukoba ya 1996 kwetu ni hivyohivyo, ukitaja jina hilo mezani watu wanaacha kula. Halafu 2016 tukapigwa na tetemeko, shule za Ihungo na Nyakato zikaanguka, zikajengwa upya na ni nzuri kuliko za kwanza. Nyumba za watu binafsi tuliambiwa wazi, kila mtu atajijengea. Ndipo nilipojifunza kwamba serikali kuu ina wajibu kwa jengo la umma kwanza. Mimi sikukubaliana, lakini angalau tuliambiwa. Mtu akijua hatasaidiwa anaanza kufyatua tofali. Kinachoua ni kuhesabiwa mara tatu.

---

Mtendaji Mstaafu

Nimerudi, umeme ulikatika.

Kasia, la ndege nimekubali. Kuna majanga ambayo hayasubiri ngazi, na sheria ingeyataja kwa majina ingetusaidia. Kagera mmeona na Marburg, Machi 2023: pale Wizara ya Afya haikungoja kata iseme imezidiwa, wagonjwa 9, vifo 6, Juni ikatangazwa imekwisha. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kwenye magonjwa mganga wa zahanati ana wajibu wa kuripoti dalili, si wa kuripoti kushindwa. Haulizwi "ulijiandaaje". Anaripoti homa na kutoka damu, basi, mashine inaanza kuzunguka kutokea juu. Hakuna aibu ndani yake. Hilo ndilo ningependa kwenye mafuriko: mtendaji aripoti kina cha maji kwenye nguzo ya daraja, na kina kikifika alama fulani boti inatoka mkoani bila mtu kuomba wala kukiri chochote. Nguzo iseme.

Njano Machungwa, hapana, sikujua. Nilidhani njano ndiyo kali.

Dada wa Katesh, la kamera umenimaliza. Naongeza moja tu ambalo walio nje ya ofisi hawalioni. Tukio likitokea, wilayani haikai kamati ya maafa. Inakaa Kamati ya Ulinzi na Usalama, kwa sababu hiyo inakutana kila mara, ina magari, inajuana. Kamati ya maafa inakutana penye msiba. Kwa hiyo maafa yanaendeshwa kiusalama: nani asogee, nani asipige picha, taarifa itoke kwa nani. Mhandisi wa maji na ofisa ustawi wa jamii wanaitwa siku ya pili.

---

Bondeni Si Kwetu

Mtendaji, sheria si ina mfuko wa maafa? Halmashauri nayo ina bajeti ya dharura. Kwa nini usiombe boti mapema badala ya kungoja?

---

Mtendaji Mstaafu

Niliomba.

Baada ya yale mafuriko, kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya mahitaji ya haraka. Wenzangu waliandika unga, mabati, magodoro. Mimi niliandika: mtumbwi mmoja wa mbao wa watu wanane, kamba mita mia, makoti sita ya kuokolea, tochi mbili za kichwani. Jibu lilirudi baada ya miezi mitano, kiangazi, mto unavukwa kwa miguu. Nilitakiwa kuambatisha proforma tatu kutoka kwa wazabuni watatu tofauti waliosajiliwa.

Fundi wa mitumbwi kwenye ile kata yuko mmoja, na hana hata muhuri. Nikamwendea, tukakaa chini ya mkorosho wake, nikamwambia niandikie bei. Akaandika kwenye kipande cha boksi la sabuni. Nikamwomba aandike na nyingine mbili, kwa majina ya watoto wake. Akaniangalia sana, akauliza, "Bei ziwe tofauti?"

Nikamwambia ndiyo, tofauti kidogo.

---

Mzee wa Msimbazi

Na mtumbwi ulikuja?

---

Mtendaji Mstaafu

Nilistaafu Juni iliyofuata, mzee wangu. Jana nimempigia aliyenirithi. Anasema jalada lipo.